Gobore la Isangi, Albini ya Basoko

Mwezi wa Agosti 1886, kwenye kisiwa karibu na maporomoko ambayo ramani za Ulaya ziliyaita Stanley Falls, Mwingereza aitwaye Walter Deane aliishiwa risasi. Alikuwa mkuu wa kituo cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ana askari wachache Wahausa na Wabangala, ana mizinga ya Krupp, na msaidizi wake wa Kizungu alikuwa Luteni Dubois peke yake. Waliomzunguka walikuwa Wangwana, watu wa Bwana Nzige, jamaa yake Tippu Tip, mfanyabiashara mkuu wa pembe na watumwa. Ugomvi ulianzia kwa mwanamke. Alikuwa mtumwa, alipigwa na bwana wake, akakimbilia kituoni, na Deane akakataa kumrudisha.

Wakapigana siku nne. Risasi zilipokwisha, Wabangala walipanda mitumbwi yao wakateremka na mto, maana waliona hakuna tena la kungojea. Deane na Dubois wakakichoma moto kituo na kukimbia usiku. Dubois alitumbukia majini akafa. Deane alijificha msituni kwa majuma kadhaa, akihamishwa na wenyeji kutoka maficho haya hadi yale, mpaka Camille Coquilhat alipopanda mto kwa merikebu ya moshi akamchukua.

Katika vitabu vya wakoloni kisa hiki husimuliwa kwa upande wa ushujaa wa Deane. Mimi hunivutia upande wa ghala. Kituo kilikuwa na silaha bora kuliko za adui, lakini bunduki ile bora inakula risasi za shaba zinazotoka kiwandani, na kiwanda kiko Ulaya, umbali wa miezi mingi kwa meli, kwa vichwa vya wapagazi na kwa merikebu ndogo za mtoni. Gobore la Mngwana linakula baruti na kipande chochote cha chuma au risasi kitakachoingia mtutuni. Agosti ile, gobore ndilo lililobaki na chakula.

Ukiteremka mto kutoka Kisangani, mji uliokua penye maporomoko yale, kabla ya kufika Basoko unapita Isangi, mahali Lomami inapoingia katika mto Kongo. Nyuma ya Isangi, upande wa kushoto wa mto, ndiyo misitu ya Yahuma, mojawapo ya teritori saba za jimbo la Tshopo. Ni nchi ya miti mirefu, vijito na matope, ambako habari za mtoni zilifika kwa ngoma kabla ya kufika kwa miguu. Bunduki zilipoanza kusogea kuelekea kule, mlango wake wa kwanza ulikuwa Isangi.

Wangwana walifika Isangi kutoka juu, Nyangwe na Kasongo, wakafanya kambi kwenye mlango wa Lomami. Watu wa mtoni waliwaita Batambatamba. Msafiri Stanley, aliyekuwa ameteremka mto huu kwa mara ya kwanza mwaka 1877 akipigana kwa bunduki zake za Snider na mitumbwi ya vita ya Basoko, alirudi mwishoni mwa Novemba 1883 akakuta vijiji vimekuwa majivu. Chini ya maporomoko aliikuta kambi ya watu wa Abed bin Salim wa Nyangwe. Hesabu aliyoiandika ni hii: watu wa vita kama 300, mateka 2,300, karibu wote wanawake na watoto, na vijiji 118 vilivyoharibiwa ili kuwapata. Stanley hakuwa mtu wa kuaminiwa kwa kila tarakimu, alipenda kuikuza hadithi. Lakini hata ukiipunguza hesabu yake kwa nusu, unaona kitu ambacho bunduki ilifanya katika nchi ya mikuki na ngao. Watu 300 waliweza kutembea miezi kadhaa katika nchi ya maelfu.

Ni bunduki gani hizo? Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu mtu akisikia "bunduki" leo anafikiri kitu kimoja, na wakati ule zilikuwa za namna nyingi, nazo zilitofautiana kama mtumbwi na merikebu. Ya zamani kabisa ni gumegume, ambayo nyundo yake imeshika jiwe, jiwe linapiga chuma, cheche inaangukia baruti. Katika mvua za Tshopo, gumegume ni silaha ya bahati nasibu. Iliyofuata ni gobore la fataki. Mpigaji anamimina baruti mtutuni kutoka kwenye pembe, anatia tambara, anashindilia kwa mdeki, anatia risasi au marisau, anashindilia tena, kisha anaivika fataki ndogo ya shaba kwenye chuchu ya chuma iliyo karibu na kitako. Nyundo ikishuka, fataki inalia na moto unaingia ndani. Mtu aliyezoea hupiga mara mbili, labda tatu, kwa dakika. Moshi wake ni mzito kiasi kwamba baada ya mlio wa kwanza hamwonani.

Magobore haya yalikuwa, kwa sehemu kubwa, mabaki ya majeshi ya Ulaya. Miaka ya 1860 majeshi yale yaligeukia bunduki zinazojazwa kwa nyuma: Waingereza wakaichukua Snider mwaka 1866, Wabelgiji wakaichukua Albini mwaka 1867. Maelfu kwa maelfu ya bunduki za mtindo wa zamani yakakosa kazi. Wafanyabiashara wa Liège, mji wa mafundi bunduki nchini Ubelgiji, waliyanunua, wakayakata, wakayapaka mafuta na kuyapeleka Afrika pamoja na mengine waliyoyatengeneza kwa bei ya chini kwa soko hilo hilo. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Unguja, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kutokea pwani ya mashariki. Nyingine ziliishia Unyamwezi na Buganda. Nyingine zilivuka Tanganyika, zikafika Manyema, zikateremka mto.

Mtu aliyeufahamu uchumi huo kuliko wote ni Hamed bin Muhammad el Murjebi, yaani Tippu Tip. Katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili na ambazo Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, hesabu ya bunduki iko karibu katika kila safari. Hasemi sana juu ya ujasiri. Anakwambia fulani alikuwa na bunduki ngapi, baruti ilitoka wapi, nani alimkopesha. Alipomshinda Nsama wa Itawa mwaka 1867, sultani aliyekuwa akiogopwa na wafanyabiashara wote, alikuwa na watu wachache sana kuliko adui. Kilichoamua kilikuwa bunduki.

Leopold alipopata habari za Deane hakuwa na jeshi la kulipiza kisasi, kwa hiyo alifanya jambo ambalo wengi Ulaya waliliona aibu. Tarehe 24 Februari 1887, huko Unguja, Stanley kwa niaba ya Leopold alitiliana mkataba na Tippu Tip awe liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Wakasafiri pamoja kwa meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka mlango wa Kongo, kisha juu ya mto. Juni 1887 Tippu Tip alikuwa nyumbani kwake, sasa bendera ya nyota ya Leopold ikipepea mbele ya barza.

Stanley hakuja kwa ajili ya Tippu Tip. Alikuwa njiani kumwokoa Emin Pasha, liwali wa Misri katika Sudan ya kusini, na shehena yake ni orodha ambayo mkusanyaji yeyote wa bunduki za kale angeisoma kwa mate mdomoni. Kutoka serikali ya Misri: Remington 510, baruti tani 2, fataki 350,000. Kutoka London: Winchester 50 za kurudia-rudia pamoja na risasi zake 50,000. Na Hiram Maxim mwenyewe alitoa zawadi ya bunduki moja ya mashine. Kizazi kizima cha silaha kilikuwa kimepangwa kwenye vichwa vya wapagazi: fataki na baruti kwa gobore, shaba kwa Remington, na mashine ambayo Afrika ingeijua vizuri baada ya miaka michache.

Sehemu ya mizigo hiyo iliachwa Yambuya, kwenye mto Aruwimi, chini ya Meja Barttelot, ikingoja wapagazi 600 ambao Tippu Tip aliahidi. Hawakuja kwa wakati. Tippu Tip alisema Stanley naye hakutimiza ahadi ya baruti, na bila baruti watu wake hawakubali safari. Wazungu walimwita mlaghai. Mimi naona malalamiko yake yana maana: kumtuma mtu katika msitu ule na bunduki tupu ni kumtuma afe. Wapagazi walipopatikana hatimaye, Juni 1888, Barttelot aliondoka nao akafika Banalya. Alfajiri ya tarehe 19 Julai aliudhiwa na ngoma na nyimbo za mwanamke mmoja, akatoka kumnyamazisha, na mume wake, Sanga, akampiga risasi moja iliyomuua. Sanga alishikwa, akahukumiwa Stanley Falls na kuuawa kwa bunduki vilevile.

Mlango wa pili ulikuwa Basoko. Mwaka 1889 serikali ya Leopold ilijenga hapo kambi yenye boma, mahali Aruwimi inapokutana na mto Kongo, ili kuwazuia Wangwana wasishuke zaidi. Askari wake walibeba Albini.

Albini ni bunduki ya ajabu kuitazama kwa karibu. Ina mtutu wa milimita 11 na hupiga risasi moja tu kabla ya kujazwa. Unavuta nyundo nyuma, unashika kishikio kidogo kwenye kizibo cha chuma, unakiinua kizibo kuelekea mbele kama kifuniko cha kasha, unatia risasi ya shaba, unakishusha. Ukivuta kifyatuzi, nyundo inasukuma kijiti cha chuma ambacho kinafanya kazi mbili kwa pamoja: kinakifunga kizibo na kuupiga msumari unaowasha risasi. Ni ufundi wa kiuchumi, karibu wa kibahili. Jeshi la Ubelgiji lilipoitupa na kuchukua Mauser ya 1889, iliyotengenezwa na kiwanda kipya cha FN huko Herstal, Albini ilikuwa kuukuu kwao. Kwa Kongo ilionekana inatosha.

Hapo ndipo sheria ikaingia. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake kulikuwa na vifungu juu ya silaha. Ulichorwa ukanda kutoka latitudo 20 kaskazini mpaka 22 kusini, bahari hadi bahari, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za baharini kutoka pwani. Ndani ya ukanda huo bunduki za kisasa zilipigwa marufuku, isipokuwa za serikali na za watu waliopewa kibali, na kila moja iwe na alama na iandikwe katika daftari. Kwa soko la Mwafrika iliruhusiwa aina moja tu: gumegume isiyo na mifereji mtutuni, na baruti ya kawaida.

Ukikisoma kifungu hicho huku ukikumbuka fataki 350,000 za Stanley, unaona kilichokuwa kikifanyika. Katika nchi ya maporomoko watu walikuwa wamekwisha pita gumegume zamani. Sheria ilitaka kuwarudisha nyuma, kwenye jiwe na cheche, kwa jina la kuwaokoa na utumwa. Kwamba utumwa ulikuwa ukifanyika kwa bunduki ni kweli, na vile vijiji 118 ni ushahidi. Lakini mkataba uleule ulimwachia mwenye Albini aendelee kuibeba, na miaka michache baadaye ilionekana alikuwa na shughuli gani nayo.

Unguja ilikuwa ndani ya ukanda. Maskati, iliyo juu kidogo ya latitudo 23, ilikuwa nje. Wafanyabiashara waliliona pengo hilo mapema kuliko wanadiplomasia, na katika miaka iliyofuata Maskati ikawa soko kubwa la bunduki, mpaka Sultani Faisal alipofungua ghala la serikali la kuzidhibiti mwaka 1912. Mkusanyaji wa Oman anayetundika leo ukutani bunduki ya Martini ya babu yake anafaidi mstari ambao Brussels iliuchora mahali pabaya.

Tippu Tip aliondoka Stanley Falls mwaka 1890, akamwachia mpwa wake Rashid bin Muhammad. Vita kati ya serikali ya Leopold na Wangwana vikaanza 1892. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili. Kutoka Basoko, Kapteni Chaltin alipanda na askari wake, na Mei 1893 akafika Stanley Falls ambako Rashid alikuwa akipambana na mwakilishi wa serikali, Tobback. Wangwana wakashindwa. Wengi walibaki palepale: Isangi na Kisangani bado zina jamaa zilizotokana nao, na Kiswahili cha Kisangani kilianzia katika kambi zile. Bunduki zao ndizo zilizokosa wazao. Zilikusanywa, zikavunjwa, nyingine zikafichwa msituni mpaka kutu ikazila.

Mlango wa tatu ulifunguka upande wa magharibi, na huo ndio mbaya kuliko yote. Katika bonde la Maringa na Lopori, jirani na misitu ya Yahuma, kampuni ya ABIR ilipewa nchi na watu wake ili itoe mpira. Kila kijiji kikawekewa mlinzi mwenye bunduki, mara nyingi gobore la fataki, na nyuma yake kituo chenye Albini. Wapelelezi na wamisionari, pamoja na balozi wa Uingereza Roger Casement katika ripoti yake iliyochapishwa 1904, walieleza desturi ya askari kutakiwa kutoa hesabu ya kila risasi iliyotumika. Hesabu hiyo ililetwa kwa mkono wa mtu, uliokatwa. Risasi ilikuwa ghali kwa sababu ilitoka mbali na kwa sababu sheria iliifanya kitu cha kudhibitiwa. Udhibiti wenyewe, yaani daftari, alama na hesabu, ulikuwa umefika kijijini, lakini umefika kwa umbo hilo.

Ubelgiji iliichukua Kongo mikononi mwa Leopold mwaka 1908. Vita Kuu ilipofika, jeshi la Kongo lililoingia Tabora Septemba 1916 lilikuwa limeanza kuziacha Albini. Utawala ukawa wa vibali: chifu mwenye medali aliweza kupewa gobore, mwindaji naye aliweza kuomba, na karani aliandika. Kwa miaka mingi gobore la fataki, lililokuwa silaha ya watu 300 waliochoma vijiji 118, likawa kifaa cha kufukuzia nguruwe mashambani.

Sasa nizungumzie wakusanyaji. Mwaka 1897 Leopold alifanya maonyesho Tervuren, nje ya Brussels, na kutokana na maonyesho hayo likazaliwa jumba la makumbusho la Afrika ya Kati. Maofisa waliopigana na Wangwana walirudi na bendera, mikuki, panga na bunduki. Vingine vikaenda makumbusho, vingine vikabaki katika nyumba za watu, vikarithiwa, na leo hujitokeza kwenye minada. Mnunuzi makini hutazama kwanza alama. Kwenye mtutu wa bunduki ya Liège utaona herufi E, L na G ndani ya umbo la yai, muhuri wa ofisi iliyojaribu mitutu kabla ya kuuzwa. Juu ya yai hilo kukiwa na taji, bunduki imejaribiwa baada ya Julai 1893. Basi akija mtu na gobore lenye taji akaapa lilikuwepo katika vita vya Deane, mshukuru umwage. Vivyo hivyo Remington za Misri zinatambulika kwa maandishi ya Kiarabu kwenye mtutu, na ndizo zinazotafutwa na wanaopenda habari za Emin Pasha.

Sheria za nchi za wakusanyaji huitazama bunduki ya kale kwa tarehe. Marekani, kwa sheria ya 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla haihesabiwi kuwa silaha kwa sheria za serikali kuu. Ufaransa mpaka wake ni mwanzo wa 1900. Ubelgiji yenyewe ilikuwa legevu kwa miaka mingi mpaka Mei 2006, kijana mmoja alipoingia dukani Antwerp, akanunua bunduki ya uwindaji bila kibali, na siku hiyohiyo akaua watu wawili barabarani. Sheria mpya ilipitishwa tarehe 8 Juni, wiki nne baadaye. Wakusanyaji wa Liège walilalamika kwamba urithi wa mji wao umefungwa kamba, na baadhi ya malalamiko yao yalisikilizwa. Albini si adimu hata hivyo. Zilitengenezwa kwa jeshi zima, na mwenye fedha kidogo na subira anaipata.

Tshopo hakuna aliyepata nafasi ya kukusanya. Agosti 1964 waasi walioitwa Simba waliingia Kisangani, wakati ule ikiitwa Stanleyville, wakiwa na mikuki, mishale, bunduki chache na imani kwamba maji ya dawa, waliyoyaita ya Mulele, yatazigeuza risasi maji. Askari wa serikali walikimbia wakaacha bunduki zao, na Simba wakazichukua. Novemba 24 Wabelgiji walishuka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani. Mwaka 1967 askari wa kukodiwa waliasi mjini humohumo. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania Kisangani kwa siku sita na makombora zaidi ya 6,000 yakaangukia mji. Kila mara silaha mpya zilimwagika mikononi mwa vijana, na kila mara serikali iliyofuata ilipita kuzikusanya. Katika upekuzi wa namna hiyo gobore la babu nalo linachukuliwa, kwa sababu mpekuzi hana muda wa kulitazama muhuri wake.

Lililobaki msituni ni pupu. Ndivyo Wakongo wanavyoliita gobore la kienyeji au bunduki ya fundi wa kijijini, iliyochongwa kwa mabomba na vyuma vya magari mabovu. Nyingine hujazwa kwa mdomo, kama za Wangwana. Nyingine hupiga kartushi za kalibre 12, na sehemu kubwa ya kartushi hizo hutoka kiwanda cha MACC cha Pointe-Noire, Kongo Brazzaville, zikivuka mto na kusafiri kwa maboti na baiskeli mpaka vijiji vya ndani. Mwindaji wa Yahuma anazihesabu kama askari wa ABIR alivyozihesabu, ingawa sababu yake ni ya heshima: kartushi moja ni bei, na mboloko mmoja, paa mdogo wa msituni, aliyeuzwa barabarani anaweza asiirudishe. Hapigi mpaka amekaribia. Wenye kuchunguza uwindaji katika bonde hili wanajua kwamba kartushi ikishuka bei, nyani na kima ndio wanaolipa, kwa sababu mtego wa chini hauwafikii.

Kwa sheria, mwindaji huyo ana milima miwili ya kupanda. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inataka kibali cha kuwinda. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka kibali cha kumiliki. Fundi aliyetengeneza pupu naye hana namba ya kuipiga wala daftari la kuiandika. Mwaka 2010 nchi za Afrika ya Kati zilikubaliana Kinshasa juu ya mkataba wa silaha ndogo, ulioanza kutumika mwaka 2017, nao unataka kila silaha iwekewe alama na iandikwe. Ni jambo lilelile la Brussels, na safari hii waliotia saini ni wenyewe, hilo si dogo. Lakini mtutu uliotokana na bomba la maji hauna mtengenezaji wa kuulizwa.

Nimewahi kuulizwa na watu wa Kisangani ni bunduki gani ya nchi hii ingefaa kutafutwa kwa ajili ya makumbusho. Jibu langu ni kwamba Albini tuwaachie Wabelgiji, wanazo za kutosha. Adimu kweli ni gobore moja la Mngwana wa Isangi lenye ELG isiyo na taji, kitako kilichobadilishwa kwa mti wa hapa, ambalo liliwahi kurekebishwa na fundi wa kijiji likaendelea kuwinda baada ya wenye nalo kushindwa. Likipatikana, liwekwe karibu na pupu la jana, na karatasi ya vibali vyote viwili iwekwe pembeni. Kama yupo anayelijua lilipo, pengine Yahuma, pengine nyuma ya Basoko, namwelewa akinyamaza: akilitoa leo nje ya nyumba bila kibali, kizuizi cha kwanza cha polisi kitalichukua kama silaha, na yeye pamoja nalo.